Chokoleti na Mahaba: Ubuyu wa Miaka 500 Ulioanzia Ikulu ya Mexico

Ikifika wiki ya pili ya Februari, hali hubadilika mitandaoni. Ghafla kila staa ana boksi jekundu la umbo la moyo juu ya kitanda, maua yameziba nusu ya sura, na maneno chini ya picha ni machache: "Asante baby." Huyo baby hatajwi jina. Mashabiki nao wanaanza kazi ya upelelezi: saa ile ya nani, pazia lile la hoteli gani, mkono ule mbona unafanana na wa fulani?

Lakini kwenye picha ile kuna mhusika mmoja ambaye hakuna anayemhoji. Ni chokoleti yenyewe. Imefikaje hapo kitandani? Nani aliamua kwamba punje chungu za mti wa msituni ndizo zitakuwa lugha ya mapenzi dunia nzima, mpaka mtu wa Sinza au Umoja Innercore akionekana mkono mtupu tarehe 14 anaambiwa hapendi? Mbona watu wa pwani walikuwa na halua yao, asumini yao na supu yao ya pweza, na mambo yalikwenda vizuri tu?

Jibu lina mfalme, askari mmbea, wanawake walioburuzwa mahakamani, mchepuko wa mfalme wa Ufaransa na familia ya wacha Mungu waliotafuta pa kupeleka mafuta yaliyobaki kiwandani. Mwisho wake uko shambani.

MFALME NA VIKOMBE VYA DHAHABU

Asili ya mti wa kokoa ni Amerika ya Kusini. Mabaki yaliyochimbuliwa Ecuador, ambayo matokeo yake yalitangazwa 2018, yanaonyesha kwamba watu waliutumia mti huo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Baadaye Wamaya na kisha Waazteki wa Mexico wakaifanya kokoa kinywaji cha heshima. Usifikirie kikombe cha maziwa na sukari. Punje zilikaangwa, zikasagwa, zikachanganywa na maji, pilipili na vanila, halafu kinywaji kikamiminwa kutoka juu, chombo kwa chombo, mpaka povu lisimame. Povu ndilo lilikuwa raha yake. Tena punje hizo hizo zilitumika sokoni kama pesa, kwa hiyo aliyekunywa kokoa ni kama alikuwa anakunywa mkwanja wake. Si kila mtu aliweza.

Harusini ilikuwepo. Kitabu cha kale cha michoro cha Wamixteki, jirani zao Waazteki, kinaonyesha ndoa ya kifalme ya mwaka 1051, na katikati ya bwana na bibi harusi kuna chombo cha kokoa yenye povu. Ila kuwepo harusini si sawa na kuwa dawa ya chumbani. Pilau ipo kila harusi na hakuna anayeiuza kwa kazi hiyo.

Ubuyu wenyewe ulianza Wahispania walipoingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, Novemba 1519. Miongoni mwao alikuwepo askari anayeitwa Bernal Díaz del Castillo. Miongo kadhaa baadaye, akiwa mzee, aliandika kumbukumbu zake, na kitabu kikachapishwa 1632 yeye akiwa ameshafariki. Humo anasimulia jinsi mfalme Montezuma alivyokuwa akila: wanawake wanamhudumia kwa adabu, kisha vinaletwa vikombe vya dhahabu vyenye kinywaji cha kokoa, ambacho "walisema" kilikuwa cha kumsaidia kwa wanawake.

Hapo pa "walisema" pasomwe mara mbili. Nani alisema? Hataji. Ni ile ile staili ya "chanzo cha karibu na staa huyo kimedokeza". Katika habari za Waazteki wenyewe zilizokusanywa na mapadri, kokoa inaonekana zaidi kama kinywaji cha cheo: cha watawala, mashujaa wa vita na wafanyabiashara wakubwa. Habari ya mfalme na wanawake zake iliwanogea zaidi wageni.

Na ubuyu haukai bila kuongezewa chumvi. Díaz aliandika kwamba aliona mitungi mikubwa zaidi ya 50 ya kokoa ikiletwa, na mfalme akanywa kutoka humo. Ikulu ilikuwa na watu wengi, na mitungi hiyo haikuwa ya mtu mmoja. Habari ilipopita midomo mingi ikageuka: Montezuma alikuwa anakunywa vikombe 50 kwa siku kabla hajaenda kwa wake zake. Hadi leo inapostiwa hivyo hivyo.

Miaka ya 1570 daktari wa mfalme wa Hispania, Francisco Hernández, alitumwa Mexico kuchunguza mimea ya dawa. Naye akaandika kwamba kokoa ikitiwa viungo vya kule huamsha hamu ya mapenzi. Sasa haikuwa tena stori ya askari, imegongwa muhuri wa daktari.

LIMBWATA LA GUATEMALA

Wakati wanaume wa Ulaya wakiisifia kokoa kwamba inawapa nguvu, huko huko Amerika ya Kati wanawake walikuwa wakishtakiwa kwa sababu yake.

Katika mji wa Santiago de Guatemala, karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18, kumbukumbu za mahakama ya kanisa zina kesi za wanawake waliodaiwa kuwatilia wanaume vitu kwenye chokoleti. Uswahilini kitu hicho kina jina lake: limbwata. Katika madai hayo kulikuwa na unga wa mitishamba, maji ya kuogea, hata damu ya hedhi, na lengo lilikuwa mume atulie, bwana aliyekimbia arudi, au anayepiga aache kupiga.

Kwa nini chokoleti na si supu? Kwanza, ni nyeusi, nzito na imejaa viungo, kwa hiyo inaficha rangi na ladha ya chochote. Pili, walioitengeneza na kuiandaa mezani kila siku walikuwa wanawake, wengi wao wa tabaka la chini: Wahindi Wekundu, machotara, wenye asili ya Afrika. Mwanaume aliyempiga mkewe usiku, asubuhi alipokea kikombe kutoka mikononi mwake. Hofu lazima ingekuwepo.

Kwa hiyo sifa ya chokoleti ilikuwa na sura mbili. Mfalme akinywa ni urijali. Mwanamke akimwandalia mumewe ni uchawi. Wengi wa wanawake hao hawakuacha neno lao popote isipokuwa kwenye karatasi za kesi, walipokuwa wakijibu mashtaka. Hao ndio wa kwanza kulipia sifa ya chokoleti, na hakuna boksi lenye picha yao.

MCHEPUKO WA MFALME NA KIKOMBE CHA ASUBUHI

Ulaya ikaitia sukari, ikaipasha moto, ikaifanya starehe ya matajiri. Huko Firenze, mtawala Cosimo III de' Medici alikuwa na chokoleti iliyonukishwa kwa maua ya asumini. Daktari wake, Francesco Redi, aliificha resipe yake kama siri ya serikali. Mswahili wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa asumini inafanya kazi gani chumbani. Watu wa Firenze nao walilifahamu hilo.

Ufaransa ndiko umbea ulikoshamiri. Mwaka 1671, bibi mmoja wa tabaka la juu, Madame de Sévigné, aliyejulikana kwa barua zake, alimwandikia binti yake kwamba mke wa mtukufu fulani alikunywa chokoleti nyingi mno akiwa mjamzito, akajifungua mtoto mweusi kama shetani, na mtoto akafa. Barua haisemi zaidi. Lakini huo ulikuwa wakati ambao meli za Ufaransa zilikuwa zikisafirisha Waafrika kwenda kulima miwa na kokoa visiwani, na baadhi yao waliishia Ulaya kama watumishi kwenye majumba hayo hayo. Waliosoma barua hiyo baadaye walijumlisha wenyewe, wakatabasamu. Kinywaji kilibebeshwa lawama, na mtoto aliyekufa akabaki kichekesho cha barua.

Halafu akaja Madame de Pompadour, mchepuko rasmi wa Louis XV, mwanamke maarufu kuliko malkia katika karne ya 18. Mhudumu wake wa ndani, Madame du Hausset, aliacha kumbukumbu, na humo kuna jambo zito kuliko umbea. Anasimulia kwamba bibi yake alikuwa akinywa chokoleti iliyotiwa vanila nyingi na ambari, ile ile ambari ambayo wazee wa pwani wanaijua, pamoja na supu ya figili, kwa sababu mwili wake haukuwa na hamu na aliogopa mfalme atamchoka. Rafiki yake alimwonya kwamba anajiharibia afya.

Ukiitazama vizuri, hiyo si stori ya mwanamke aliyekuwa moto. Ni mwanamke aliyechoka, ambaye nyumba yake, hadhi yake na maisha ya ndugu zake vilitegemea hisia za mwanaume mmoja, naye akajilazimisha kwa kikombe. Dunia ikachukua kikombe, ikaacha machozi. Leo anatajwa kama ushahidi kwamba chokoleti inafanya kazi. Kwake haikufanya: uhusiano wa kimwili na mfalme ulikwisha, akabaki kama rafiki na mshauri wake.

WACHA MUNGU WALIOUZA MAHABA

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi hawaitegemei. Waliopeleka chokoleti kwenye Siku ya Wapendanao hawakuwa watu wa starehe. Walikuwa Waquaker, dhehebu la Wakristo wenye msimamo mkali dhidi ya pombe na anasa, ambalo hadi leo lina waumini wengi magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1824 John Cadbury alifungua duka Birmingham, Uingereza, akiuza chai, kahawa na kokoa. Alitaka watu wapate cha kunywa mbali na pombe. Familia ya Fry ya Bristol na Rowntree ya York, nao Waquaker, walikuwa kwenye biashara hiyo hiyo.

Mwaka 1828 Mholanzi Van Houten alipata hakimiliki ya mashine ya kukamua mafuta kutoka kwenye kokoa, ili unga ubaki mwepesi. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ikachanganya mafuta hayo na unga wa kokoa na sukari, ikapata chokoleti ngumu ya kutafuna. Watoto wa Cadbury, Richard na George, walichukua biashara ya baba yao 1861 ikiwa hoi. Mwaka 1866 wakaagiza mashine ya Kiholanzi, kokoa yao ikawa safi, lakini mafuta yakabaki mengi. Yapelekwe wapi? Yakatengenezwa chokoleti za kutafuna.

Richard alikuwa na kipaji cha kuchora. Mwaka 1868 kampuni ikaanza kuuza chokoleti kwenye maboksi yenye picha alizochora mwenyewe. Wakati ule Waingereza walikuwa wamepagawa na kadi za Siku ya Wapendanao, na boksi la umbo la moyo likaingia humo humo. Chokoleti ikiisha, boksi lilibaki la kutunzia barua za mpenzi. Akili ya biashara hapo ilikuwa kubwa: mtu analipia pipi, anapeleka nyumbani kumbukumbu.

Kuanzia hapo ni matangazo tu. Marekani, Hershey ikatoa vichokoleti vinavyoitwa "mabusu" 1907. Italia, kampuni ya Perugina ikatoa vyake vyenye jina la maana hiyo hiyo 1922, na baadaye ikavitia vikaratasi vya maneno ya mapenzi ndani. Uingereza, kuanzia 1968, televisheni ikaonyesha mwanaume aliyevaa nguo nyeusi akiruka majabali na kupiga mbizi ili tu amfikishie mwanamke boksi la chokoleti. Jina lake halikutajwa, sura yake ilionekana kwa sekunde chache. Baby asiyejulikana wa mitandaoni ana kaka yake mkubwa.

Ukitaka kuona kwamba desturi hii ilipandwa na kumwagiliwa, tazama Japani. Mwaka 1958 kampuni moja ya chokoleti ilijaribu kuuza bidhaa zake kwa ajili ya Siku ya Wapendanao kwenye duka kubwa la Tokyo. Kampuni yenyewe husimulia mauzo yote ya jaribio lile: yen 170, yaani chokoleti tatu na kadi moja. Hakuna aliyekuwa na habari. Wakabadili maneno, wakasema hii ndiyo siku ambayo mwanamke anaruhusiwa kumwambia mwanaume kwamba anampenda. Miaka ikapita, ikawa sheria isiyoandikwa: wanawake wanawapa wanaume, hata bosi na wafanyakazi wenzao, chokoleti inayoitwa "ya wajibu". Mwishoni mwa miaka ya 1970 wauza pipi wakaongeza Machi 14 ili wanaume walipe fadhila. Mpaka 2018 kampuni kubwa ya chokoleti ikalipia tangazo gazetini kuwaomba Wajapani waache ya wajibu, kwa sababu wanawake walikuwa wamechoka. Muuzaji mwenyewe akaomba poo.

MWILI UNASEMAJE?

Watetezi watasema ni sayansi: chokoleti ina fenilethilamini, kemikali inayohusishwa na msisimko wa mtu aliyezimika kwa mwenzake. Ni kweli imo. Tatizo ni kwamba ukiila, vimeng'enya vya mwili huivunja karibu yote kabla haijafika kwenye ubongo. Kuna pia theobromini na kafeini kidogo, zinazochangamsha kwa mbali kama chai.

Mwaka 2006 watafiti wa Italia walichapisha utafiti kuhusu wanawake na chokoleti. Waliokula kila siku walionekana kuwa na hamu kubwa zaidi ya mapenzi. Lakini walaji hao walikuwa pia na umri mdogo. Watafiti walipozingatia umri kwenye hesabu, tofauti ikayeyuka. Ujana ndio uliokuwa unafanya kazi.

Kinachobaki ni raha ya kawaida. Mafuta ya kokoa huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 34, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo chokoleti ni ngumu mkononi halafu inalegea mdomoni. Kuna sukari, kuna mafuta, kuna harufu. Juu ya hayo kuna imani: mtu akishaambiwa tangu utotoni kwamba hii ni ya mahaba, akipewa na anayempenda moyo utadunda. Hata supu ya pweza inapata nusu ya nguvu zake kwenye maneno ya muuzaji. Na kwa joto la Dar mwezi Februari, hiyo nyuzi 34 ina maana nyingine: ikikaa kwenye pochi nusu saa, zawadi imekuwa uji.

ASIYEONEKANA KWENYE PICHA

Mwanzoni mwa karne ya 20, kokoa nyingi ya Cadbury ilitoka São Tomé, kisiwa kilichokuwa koloni la Ureno. Wafanyakazi wake walichukuliwa Angola kwa mikataba ya kwenye karatasi, na kwa kawaida hawakurudi kwao. Kampuni ilipata fununu 1901. Mwandishi Henry Nevinson alikwenda kushuhudia, akatoa kitabu 1906 akiuita utumwa kwa jina lake. Kampuni ilisusia kokoa ya São Tomé mwaka 1909, miaka minane baada ya fununu ya kwanza. Gazeti lililowaita wanafiki lilishtakiwa na kampuni ikashinda kesi, lakini baraza la wazee wa mahakama likaipa fidia ya farthing moja, sarafu ndogo kuliko zote Uingereza. Ilikuwa njia ya kusema: sheria iko upande wenu, sisi hatuko.

Leo zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia inatoka Ivory Coast na Ghana. Utafiti uliogharamiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani na kutolewa 2020 ulikadiria kwamba watoto milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi kwenye kilimo cha kokoa katika nchi hizo mbili, wengi kwenye kazi za hatari kama kushika mapanga na kubeba mizigo mizito. Mapema 2024 bei ya kokoa New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, ambayo ni zaidi ya dola 10 kwa kilo. Aprili mwaka huo huo serikali ya Ivory Coast ilipandisha bei ya mkulima hadi faranga 1,500 kwa kilo, takriban dola mbili na nusu, na hiyo ilikuwa habari njema.

Wala si habari ya Afrika Magharibi peke yake. Kokoa inalimwa Kyela mkoani Mbeya, inalimwa Bundibugyo nchini Uganda, inalimwa Beni mashariki mwa Congo. Mkulima wa Kyela anapasua tunda kwa panga, anavundika punje, anazianika, anauza kwa kilo. Punje zinapanda meli. Zinarudi zikiwa zimefungwa utepe, zinawekwa kwenye friji ya supamaketi, na boksi moja linaweza kugharimu kuliko kilo kadhaa za punje alizouza yeye.

Hakuna anayesema watu waache kupeana. Zawadi ni zawadi, na anayependa apewe. Ila kwa miaka 500 stori ya chokoleti na mahaba imesimuliwa na kila mtu aliyefaidika nayo: askari aliyetaka kitabu kinoge, wambea wa ikulu, wenye mafuta yaliyobaki kiwandani. Mwanamke wa Guatemala hakuulizwa. Pompadour hakuulizwa. Mkulima bado hajaulizwa.

Kwa hiyo Februari ijayo, staa akiposti boksi lake na watu wakaanza kumtafuta baby aliyenunua, ligeuze boksi upande wa nyuma usome kokoa yake imetoka wapi. Mara nyingi hapo napo jina halitajwi.

Na we ukiambiwa uchague kati ya boksi la moyo na sinia ya halua yenye kikuba cha asumini juu yake, unachukua ipi? Dondosha jibu hapo chini.